Mkono wa Babu Umepona Kiasi Gani?

Kiharusi hutokea damu inaposhindwa kufika sehemu ya ubongo, kwa sababu mshipa umeziba au umepasuka. Ukiathirika ubongo wa kushoto, mkono wa kulia ndio unaolegea. Wengi wenu mnalijua hilo, maana nyumbani yupo babu au shangazi anayekaa na mkono mmoja umelala mapajani.

Wiki zinapita, mkono unaanza kucheza. Jirani anasema, "Mzee kapona!" Mzee mwenyewe anasema bado. Nani mkweli? Hapo ndipo kipimo kinapohitajika.

Kipimo kinachojulikana sana kilitungwa Sweden na Axel Fugl-Meyer na wenzake, mwaka 1975. Mgonjwa anaambiwa ainue mkono, akunje kiwiko, afumbue ngumi na mengineyo. Akishindwa anapata 0, akiweza nusunusu 1, akiweza sawasawa 2. Mkono ukiwa mzima kabisa unafikisha alama 66. Kuna kingine cha kuhamisha vibao vidogo vya mbao, kimoja kimoja, kwa sekunde 60. Utadhani mchezo wa watoto, kumbe jasho linamtoka mtu!

Lakini ujanja upo. Mwambie mgonjwa achukue kikombe mezani. Wengi huinamisha kifua mbele badala ya kunyoosha kiwiko. Kikombe kimeshikwa, sawa, ila kazi imefanywa na mgongo. Mtaalamu makini huangalia mwili wote, siyo vidole tu.

Tena mtu anaweza kupata alama nzuri hospitali, akifika nyumbani mkono ukakaa bure. Mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Taub, alieleza kwamba mtu huzoea kutoutumia, kwa kuwa mkono wenye nguvu unamaliza kazi haraka. Na sisi vijana tunachangia: tunamvisha shati, tunamlisha, eti tunamhurumia. Ndiyo maana watafiti siku hizi huwafunga wagonjwa kifaa kama saa kwenye mikono yote miwili, kihesabu mwendo wa kila mmoja kutwa nzima.

Huna kifaa hicho? Chukua daftari. Kila Jumapili andika mkono ule umefanya nini wiki hiyo: umeshika kikombe, umefunga kifungo, umefungua mlango? Mwachie muda ajaribu, hata chai ikipoa. Ila usimwinue kwa kuuvuta mkono uliolegea, bega litaumia.

Siku ya kliniki nenda na daftari lako. Linamwambia mtaalamu mengi kuliko "anaendelea vizuri".