Foklifti kwenye Miteremko ya Masisi na Walikale

Kabla barabara ya magari haijafika Bisie, katika msitu wa Walikale mashariki mwa Kongo, kasiteriti, yaani mawe ya bati, ilitoka mgodini migongoni mwa watu. Mbebaji alijitwika gunia la kilo 50 hivi, akakata zaidi ya kilomita 40 za tope na mizizi mpaka kijiji cha Njingala. Kisha kampuni ya Alphamin ikafungua njia, na mwaka 2019 ikaanza uzalishaji wa kibiashara. Kazi ya migongo ikapokewa na mitambo, nayo mitambo ina hatari zake.

Mmojawapo unaotumika kwenye ujenzi wa maeneo kama haya ni foklifti ya ardhi mbovu: matairi mapana yenye meno, injini ya dizeli, na mara nyingi mkono unaorefuka. Wengi hudhani matairi hayo yanaweza kupanda popote. Sivyo. Uzito ulioandikwa kwenye kibao chake, tuseme tani 3, umepimwa mtambo ukiwa kwenye ardhi tambarare na ngumu. Masisi ni nchi ya vilima, na udongo wake ukilowa huporomoka. Kwenye migodi ya Rubaya, hukohuko Masisi, umefukia wachimbaji mara kadhaa.

Foklifti hujishikilia kwa pembetatu: magurudumu mawili ya mbele na egemeo la katikati ya ekseli ya nyuma. Kitovu cha uzito kikitoka nje ya pembetatu hiyo, mtambo hupinduka. Kuinua mzigo hukipandisha kitovu, kurefusha mkono hukisukuma mbele, na mteremko hukivuta upande wa bondeni. Yote matatu yakikutana, mzigo uliobebwa salama asubuhi kwenye tambarare unaweza kuuangusha mtambo uleule mchana kilimani.

Kwa hiyo dereva aliyefunzwa huikagua njia kwa miguu kwanza, hasa baada ya mvua. Akibeba mzigo, huuelekeza upande wa juu wa mteremko. Akishuka nao, hurudi kinyumenyume. Asipobeba kitu, uma, yaani vyuma vya kuinulia mzigo, ndio huelekea chini. Hakati kona kwenye mteremko, wala hampandishi mtu kwenye uma.

Mtambo ukianza kupinduka, dereva asiruke: anayeruka mara nyingi huangukiwa na paa lake. Abaki amefunga mkanda, ashike usukani kwa nguvu na aegemee upande ulio kinyume na unakoangukia.

Jedwali la uzito lililobandikwa mbele ya dereva mara nyingi limeandikwa Kifaransa au Kiingereza. Ni wajibu wa msimamizi kumfafanulia kwa Kiswahili, mstari kwa mstari, kabla hajakabidhiwa ufunguo.