Sauti ya Gari Husikilizwa Kutoka Dirishani



Tulialikwa Machakos kuhudhuria nikahi, tukafikia nyumbani kwa dada yetu aliyeolewa huko miaka mingi iliyopita. Usiku wa kwanza, baada ya Isha, mji ulipokwisha kutulia na baridi ya vilima vya Iveti kuteremka, tulisikia mngurumo kutoka mbali. Dada yetu aliacha kukunja nguo, akatega sikio, kisha akashusha pumzi. "Alhamdulillahi," akasema, "mwanangu huyo anarudi." Baada ya dakika chache gari lilisimama mlangoni, na vioo vya madirisha vikatetemeka.

Hapo ndipo alipotueleza shida yake. Tangu mwanawe alipobadilisha bomba la moshi la Subaru yake, majirani wamenuna. Mama wa nyumba ya pili, waliyepakana naye ukuta, amejifungua na yumo katika arobaini yake. Mtoto hushtuka kila gari lile linapopita. "Nami, kaka, nimekuwa mtumwa wa sauti ile," akasema. "Nikiisikia, naona haya mbele ya watu. Nisipoisikia, nadhani amepata ajali. Zungumza na mpwa wako."

Asubuhi tulizungumza naye. Ni kijana mwenye adabu, na bomba lile alilinunua kwa fedha zake za halali. "Mjomba," akatuambia, "usinihukumu kwa maneno ya watu. Twende kwa fundi ukasikie mwenyewe." Tukaona amesema haki, tukaenda naye gereji.

Fundi alilipandisha gari, akatuonyesha. Ndani ya injini mafuta huripuka mara nyingi kila sekunde, na kila mripuko husukuma moshi nje kwa kishindo. Kazi ya lile kopo la nyuma, ambalo mafundi huliita silensa, ni kuvipokea vishindo hivyo: vingine hunywewa na nyuzi za kioo zilizoshindiliwa ndani, vingine hugongana katika vyumba vyake na kuvunjana nguvu. Kijana wetu alikuwa amelitoa kopo hilo pamoja na jingine dogo la katikati, akaweka bomba pana lililonyooka. Fundi alikiri kwamba nguvu ya gari haikuongezeka kwa kadiri ya kelele.

Injini ya Subaru ina silinda nne zilizolazwa, mbili kulia na mbili kushoto. Katika nyingi za zamani, mabomba yanayotoka kila upande hayalingani urefu, kwa hiyo vishindo havifiki nyuma kwa vipindi sawa. Huo ndio mdundo kama wa ngoma ambao vijana wa Kenya wameupenda tangu enzi za Safari Rally, mashindano ambayo mwaka 1994 Mkenya Patrick Njiru aliyamaliza wa nne akiendesha Subaru Impreza. Fundi alipokanyaga mafuta, nasi tulitabasamu. Hatutaki kuwaficha wasomaji: ilikuwa sauti nzuri.

Lakini tulimwuliza mpwa wetu swali moja: "Umepata kulisikia gari lako ukiwa umelala?" Akacheka. Hakuwahi, wala isingewezekana, kwa kuwa kila linapounguruma yeye yumo ndani yake. Kinywa cha bomba kiko nyuma yake, vioo amevifunga, na kelele huja kwa hiari ya mguu wake mwenyewe. Aliye kitandani hana hiari hiyo.

Tukapatana na fundi. Usiku ule, saa tatu na nusu, yeye aliendesha gari, na mwenye gari akaketi nasi sebuleni kwa mamake. Hewa baridi ya usiku hulala chini, na sauti inayopanda hupindishwa kurudi ardhini. Ndiyo sababu kelele ya usiku husafiri mbali kuliko ya mchana. Tuliisikia kabla gari halijaonekana. Ikakua, ikapita, ikapungua. Kisha, kutoka upande wa pili wa ukuta, mtoto akalia, na tukasikia hatua za mamake akitembea huku na huko kumbembeleza. Mpwa wetu aliinamisha kichwa. "Kila siku huwa hivi?" akauliza. Mamake hakujibu.

Sheria nayo ina kauli yake. Kanuni za kelele za mwaka 2009 ziliweka kikomo cha desibeli 35 usiku katika maeneo ya makazi. Na desibeli hazihesabiwi kama shilingi: zikiongezeka kumi, sikio huona kelele imekuwa maradufu. Lakini kabla ya kanuni hizo tunao wasia wa Luqman kwa mwanawe, ambao Qur'ani imeutaja katika sura ya 31. Aya ya 19 imeambatanisha mambo mawili: kuwa wastani katika mwendo na kuishusha sauti. Mwenye gari ana yote mawili chini ya mguu mmoja.

Kesho yake kijana alirudi gereji bila kuambiwa. Fundi alilikata bomba, akachomelea kopo dogo katikati na silensa nyuma, akabadilisha gasketi iliyokuwa ikivuja. Hili la kuvuja akina mama walizingatie, kwani katika moshi wa gari mna hewa ya sumu, kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, na ikipenya ndani ya gari huweza kuua watoto waliolala kiti cha nyuma.

Mzazi ambaye mwanawe ataka kubadilisha ekzosi asiishie kusikiliza gereji. Alisikilize gari likiwashwa alfajiri lingali baridi, maana hapo huwa na kelele zaidi. Apande, aone kama katika mwendo wa safari lina uvumi unaoumiza kichwa. Mwisho, alisikilize likipita, naye yuko dirishani kwa jirani.

Mdundo wa Subaru ile haukutoweka. Umeshuka tu, ukawa wa kusikika na aliye karibu. Usiku wetu wa mwisho Machakos dada yetu alikuwa jikoni, na hakusikia gari. Alisikia mlango ukibishwa, na sauti ya mwanawe ikitoa salamu.

"Umefika saa ngapi?" akauliza, baada ya kuijibu.

"Sasa hivi, mama."