Kazi Yako, Haki Yako: Msaidizi wa Sheria ya Hakimiliki Anavyokusaidia Kuilinda

Ukifika Mtaa wa Biashara hapa kisiwani na kukunjua leso, huenda ukaona maandishi madogo yanayosema "K.H.E. – Mali ya Abdulla". Hiyo ni alama ya biashara ya Kaderdina Hajee Essak, iliyoanzishwa mwaka 1887. Mnunuzi anaijua kwa kuitazama, na muuzaji mwingine anajua kwamba mali ile ina mwenyewe.

Wakazi wengi wa Mombasa wanaoishi kwa ubunifu hawana alama kama hiyo. Yuko mpiga picha aliyeamka alfajiri kupiga picha za Mji wa Kale, akaja kuziona kwenye kalenda ambayo hakuulizwa. Yuko mchoraji wa hina ambaye michoro yake imechapishwa kwenye vitambaa. Iko familia ya mwimbaji wa taarab inayosikia sauti ya marehemu mzee wao kwenye intaneti, na haijui pesa zinakwenda kwa nani.

Watu hawa wote wana haki kisheria. Kinachokosekana mara nyingi ni karatasi za kuithibitisha. Kuzitafuta karatasi hizo, kuzipanga na kuzifikisha panapostahili ndiyo kazi ya msaidizi wa sheria anayeshughulikia hakimiliki. Makala haya yanaeleza kazi hiyo, na jinsi mkazi anavyoweza kujiandaa kabla ya kufika ofisini.

Msaidizi wa sheria ni nani?

Msaidizi wa sheria ni mtu aliyepata mafunzo ya sheria lakini si wakili. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016 inawatambua wasaidizi hao na kuweka utaratibu wa kuwaidhinisha. Vijana wanaotaka kuifanya kazi hii wanaweza kusomea stashahada yake katika Kenya School of Law, iliyoko Karen, Nairobi.

Katika ofisi ya serikali, msaidizi wa sheria hupokea malalamiko, huhoji, hukagua hati, huandaa rasimu za barua na hati za kiapo, na hufuatilia tarehe za faili. Wakili ndiye anayetoa ushauri wa mwisho na kusimama mahakamani. Kwa upande wa hakimiliki, taasisi kuu ni Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, yaani KECOBO, ambayo ni ya serikali ya kitaifa. Bodi hiyo husajili kazi za ubunifu, hutoa leseni kwa mashirika ya kukusanya mirabaha, na ina wakaguzi wanaofuatilia uharamia.

Haki huanza lini?

Wengi hudhani kwamba kazi isiyosajiliwa haina ulinzi. Hiyo si kweli. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, haki huanza pale kazi inapowekwa katika umbo linaloshikika: shairi likiandikwa, wimbo ukirekodiwa, mchoro ukichorwa. Marekebisho ya mwaka 2019 yalisema wazi kwamba kutosajili hakumzuii mwenye kazi kudai haki yake.

Usajili hata hivyo una faida kubwa. Cheti kinaonyesha nani alidai kazi na lini, na hilo hupunguza mabishano. Msaidizi wa sheria humshauri mkazi asajili kabla ya mzozo, kwa sababu mzozo ukishazuka kila upande huleta simulizi yake.

Wazo tupu halilindwi. Ukimsimulia mtu barazani kuhusu filamu unayotaka kuitengeneza, naye akaitengeneza yake, sheria ya hakimiliki haitakusaidia. Iandike kwanza, kisha isimulie. Vilevile methali ya zamani inayochapishwa kwenye leso haiwi ya mtu mmoja kwa sababu tu ameichapisha. Mchoro mpya ulioizunguka ndio unaoweza kulindwa.

Wimbo mmoja, haki kadhaa

Swali la kwanza la msaidizi wa sheria huwa ni hili: unadai nini hasa? Taarab ya Mombasa ni mfano mzuri. Marehemu Juma Bhalo, aliyefariki Aprili 2014, aliimba mashairi mengi ya binamu yake Ahmad Nassir, mwandishi wa diwani ya *Malenga wa Mvita*. Katika wimbo wa namna hiyo, maneno ni kazi ya mshairi, muziki ni wa aliyeutunga, uimbaji una haki za mwimbaji, na kanda yenyewe ina haki ya aliyefanya mipango ya kuirekodi.

Muda wa kila haki pia hutofautiana. Mashairi na muziki hulindwa kwa maisha ya mtunzi, kisha miaka 50 baada ya kumalizika mwaka aliofariki. Kwa mtunzi aliyefariki 2014, hesabu hiyo inafika mwisho wa 2064. Kanda hulindwa kwa miaka 50 baada ya mwaka iliporekodiwa. Kwa hiyo kanda ya mwaka 1976 inalindwa hadi mwisho wa 2026, lakini mashairi yaliyomo huenda yakaendelea kulindwa kwa miongo kadhaa baadaye. Familia iliyoweka kanda kabatini ikidhani kuna wakati wa kutosha inafaa ifanye hesabu hii sasa.

Haki hizi hurithiwa kama mali nyingine inayohamishika. Anayesema "mimi ni mtoto wake" ataulizwa hati za mirathi. Kwa familia za Kiislamu, mara nyingi hati hizo hutoka katika Mahakama ya Kadhi. Warithi wakiwa wengi, ni vyema wakubaliane nani atawasemea wote kabla ya kufika ofisini.

Aliyepiga picha, aliyelipa na aliyesaini

Mwenye picha kisheria ni yule aliyeipanga na kuitunga, hata kama kamera ilikuwa ya kuazima. Lakini kuna kifungu kinachowashangaza wengi. Kazi ikiagizwa na mteja, au ikifanywa na mfanyakazi katika ajira yake, hakimiliki huhesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeagiza au kwa mwajiri, isipokuwa kama wamekubaliana vingine.

Hii ina maana kwamba mpiga picha wa harusi, mchoraji wa mabango au mbunifu wa leso anayetaka kubaki na haki yake lazima aseme hivyo katika makubaliano kabla ya kuanza kazi. Mistari mitatu iliyoandikwa na kutiwa sahihi na pande zote mbili inaweza kuokoa kazi ya miaka mingi.

Kuuza hakimiliki moja kwa moja, au kutoa leseni ya mtu mmoja peke yake, hakukamiliki kwa mdomo. Sheria inataka maandishi na sahihi ya mwenye haki. Mtu akikuambia "uliniuzia kwa simu", msaidizi wa sheria atamwomba karatasi. Ukiletewa karatasi usiyoielewa, usiisaini siku hiyo hiyo. Omba nakala uende nayo ukaulize.

Na je, picha za milango ya nakshi ya Mji wa Kale? Sheria inaruhusu kutoa nakala ya kazi ya sanaa iliyo mahali inapoonekana na umma. Mlango ulio barabarani unaweza kupigwa picha na yeyote. Lakini picha uliyoipiga wewe ni kazi yako, na mwingine hana ruhusa ya kuichukua kwa kisingizio kwamba mlango si wako.

Faili inavyojengwa

Tuchukue mfano wa kufikiria. Mama mmoja mchoraji wa hina anafika ofisini na kitambaa chenye mchoro wake.

"Mama, mchoro huu uliuchora lini?" anauliza msaidizi wa sheria.

"Mwaka juzi, mwanangu, kabla ya Ramadhani. Nilimchora bi harusi mmoja wa Kibokoni."

"Kuna picha yoyote ya siku ile? Au daftari ulilochorea kwanza?"

Daftari lipo nyumbani, na picha aliitumia dada yake kwa WhatsApp siku ile ile. Hapo faili inaanza kupata uzito. Msaidizi wa sheria ataomba simu yenyewe, kwa sababu ujumbe wa asili una tarehe ambayo picha iliyopigwa kutoka kwenye kioo cha simu huenda isiwe nayo. Ataomba kitambaa kinachodaiwa kunakiliwa pamoja na risiti ya kukinunua. Ataandika maelezo ya mama kwa mpangilio wa tarehe, amsomee, kisha mama atie sahihi. Ataangalia kama mchoro umesajiliwa, na na nani.

Baada ya hapo wakili huamua hatua inayofaa. Mara nyingi ni barua ya kudai, na mizozo mingi inaweza kumalizwa kwa mazungumzo. Kazi ikiwa imewekwa kwenye intaneti bila ruhusa, sheria inaruhusu kumwandikia mtoa huduma ilani ya kuiondoa. Ilani hiyo hutaka maelezo kamili ya kazi, mahali ilipowekwa na utambulisho wa mlalamishi. Ikikosa jambo moja inaweza kurudishwa, na ndiyo maana msaidizi wa sheria huikagua mstari kwa mstari. Mambo yakishindikana, mahakama ipo.

Mali ya jamii nzima

Lelemama, chakacha na vugo havina mtunzi mmoja. Vimepokewa kizazi hadi kizazi. Kwa urithi wa namna hiyo iko Sheria ya Ulinzi wa Maarifa ya Jadi na Kazi za Kitamaduni ya mwaka 2016, iliyotokana na Katiba. Kifungu cha 11 cha Katiba kinalitaka Bunge litunge sheria ya kuhakikisha jamii zinafidiwa au kupata mirabaha utamaduni wao unapotumiwa.

Sheria hiyo inazipa serikali za kaunti jukumu la kusajili, kuhifadhi na kulinda maarifa na kazi za kitamaduni zilizo ndani ya mipaka yao. Usajili wa namna hii hauwezi kufanywa na afisa aliyekaa mezani peke yake. Unahitaji wazee, vikundi vya kina mama na mafundi wa nakshi waeleze ngoma ni ya nani, huchezwa lini, na kipi hakifai kutolewa nje. Kikundi chenye kumbukumbu zake, hata za kaseti au albamu ya picha, kizihifadhi vyema.

Tunakumbuka miaka ya 2000, kampuni moja ya Uingereza ilipoomba kusajili neno "Kikoy" kama alama ya biashara yake. Ombi lilipingwa na halikufaulu. Jina ambalo pwani nzima inalitumia lilikaribia kuwa na mwenyewe ng'ambo.

Kwa wafanyabiashara, na kwetu sisi

Leseni ya biashara ya kaunti haikupi ruhusa ya kupiga muziki wa wengine hadharani. Mwenye hoteli, saluni, baa au matatu anahitaji leseni ya muziki kutoka kwa shirika lililoidhinishwa na KECOBO. Orodha ya mashirika hayo hubadilika, kwa hivyo ihakikishe kwa KECOBO kabla ya kumlipa mtu, na udai risiti.

Wajibu huu unatuhusu pia sisi tulio katika ofisi za umma. Picha iliyozunguka kwenye WhatsApp ina mwenyewe, na bango la serikali halina msamaha wa kuichukua tu kwa sababu ni la serikali. Mkazi akiona kazi yake imetumiwa bila ruhusa katika chapisho la umma, ana haki ya kuuliza kwa maandishi na kujibiwa.

Mipaka ya kujua

Ofisi ya Wakili wa Kaunti huishauri serikali ya kaunti. Haimwakilishi mkazi katika kesi yake binafsi. Mkazi asiye na uwezo wa kulipa wakili anaweza kuomba msaada kwa Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria. Msaidizi wa sheria naye hawezi kukuahidi ushindi, wala kukutetea mbele ya hakimu. Anayekuomba pesa mkononi ili "faili isonge" mripoti.

Anza leo

1. Andika jina lako na tarehe kwenye kila kazi: daftari, mchoro, kanda, picha.
2. Hifadhi faili ya kwanza kabisa, na nakala mahali pengine nje ya simu yako.
3. Kubaliana kwa maandishi kabla ya kazi ya kulipwa, na mtaje hakimiliki itakuwa ya nani.
4. Sajili kazi zako muhimu kwa KECOBO. Maombi hufanywa kwa mtandao.
5. Kama mzee wenu alikuwa mtunzi au mwimbaji, kaeni kama familia muorodheshe kazi zake, miaka yake na mlizonazo mkononi.
6. Ukiona kazi yako imenakiliwa, nunua nakala moja, weka risiti, andika tarehe, kisha utafute ushauri kabla ya kugombana.

Haya yote hayahitaji zaidi ya kalamu, daftari na jioni moja ya kukaa na wenzako. Siku utakapohitaji msaada wa sheria, daftari hilo ndilo litakaloombwa kwanza.