Sura ya Nne: Ajali Ina Kinga

"Ajali haina kinga." Maneno haya husikika karakanani kila damu inapomwagika. Kijana amefungwa kitambaa mkononi, bodaboda imeitwa, na mafundi waliobaki wanarudi kazini wakitikisa vichwa. Husemwa kwa huruma, ili kumfariji majeruhi na kumwondolea lawama. Hata hivyo, sura hii imeandikwa kuyapinga. Mashine nyingi zinazotukata zilitoka dukani zikiwa na kinga yake ndani ya boksi, na ni mkono wa mtu ulioifungua kinga hiyo na kuiweka kabatini.

Hesabu ya diski

Tuanze na grenda, chombo ambacho mchomeleaji hakikosi, awe Gerezani jijini Dar es Salaam au Kamukunji jijini Nairobi. Grenda ndogo, ile ya diski ya milimita 115, huzunguka takriban mara 11,000 kwa dakika. Ukipiga hesabu, ukingo wa diski hiyo unakwenda mita 66 hivi kwa sekunde, karibu kilomita 240 kwa saa. Hakuna basi la mkoani lenye mwendo huo. Diski nyingi za kukatia chuma zimetengenezwa kuhimili hadi mita 80 kwa sekunde, na kikomo hicho huandikwa juu ya diski yenyewe, pamoja na idadi ya mizunguko isiyopaswa kuzidishwa.

Sasa diski ndogo zimekwisha, na mteja anasubiri geti lake. Fundi anachukua diski kubwa ya milimita 230. Tundu la katikati linaingia sawasawa, lakini kinga inazuia. Basi kinga inafunguliwa.

Diski kubwa imeandikwa isizidi mizunguko 6,650 hivi kwa dakika, na grenda ndogo inaweza kuizungusha kwa 11,000. Ukingo wake utafika mita 132 kwa sekunde, zaidi ya kilomita 470 kwa saa. Ubaya wa jambo hili ni kwamba nguvu inayoivuta diski ipasuke haiongezeki sambamba na mwendo, bali huongezeka kwa mraba wake. Mwendo ukizidi kikomo kwa mara 1.65, nguvu hiyo huzidi karibu mara 2.7. Diski ikipasuka, vipande vinaruka kuelekea tumboni, shingoni au usoni mwa aliyeishika, na kile kipande cha chuma chenye umbo la nusu duara ambacho kingevizuia hakipo mahali pake.

Fundi huyu si mzembe wala mjinga. Anaweza kupima mlango kwa jicho asikosee. Alijifunza kazi kwa kumtazama aliyemtangulia, naye akiwa saidia fundi, na alichokiona ndicho anachokifanya. Alirithi ujuzi na njia za mkato kwa pamoja, na hakuna aliyemwambia kipi ni kipi.

Aliyeshindwa ni mwalimu

Mafunzo ya usalama tunayoyafahamu wengi ni ya ukumbini. Wafanyakazi wanakusanywa, mtaalamu anasoma orodha ya hatari, chai inanywewa, majina yanaandikwa na vyeti vinatolewa. Kesho yake kila mtu anarudi kwenye mashine ileile, akiishika vilevile. Mkono haukufundishwa kitu.

Marekani ilikutana na tatizo hili mwaka 1940, ilipokuwa inaongeza uzalishaji wa zana za vita. Viwanda vilipokea watu wengi ambao hawakuwahi kugusa mashine. Mpango ulioanzishwa, uitwao Training Within Industry, haukuegemea kupeleka wahadhiri viwandani. Uliwachukua wasimamizi na mafundi waliokuwemo humo ukawafundisha namna ya kufundisha. Mizizi yake ilikuwa katika kazi ya Charles R. Allen, aliyefundisha wajenzi wa meli wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia na kuchapisha kitabu chake mwaka 1919. Baada ya vita njia hiyo ilivuka bahari hadi Japani, na Toyota ni miongoni mwa walioishika wasiiache.

Njia yenyewe ina hatua nne: mwandae, mwonyeshe, mwache afanye, mfuatilie. Na msingi wake mkuu ni kwamba mwanafunzi asiposhika somo, aliyeshindwa ni mwalimu.

Tuone inavyofanya kazi katika jambo dogo la kubadilisha diski.

Kwanza, muulize kijana anajua nini kuhusu grenda, na umsimamishe ubavuni mwako. Akikaa mbele yako ataona kila kitu kikiwa kinyume.

Pili, fanya polepole huku ukisema, na kila tendo lipewe sababu yake. Chomoa plagi ukutani, maana swichi inaweza kuguswa na goti diski ikiwa mkononi. Soma namba za diski na za grenda, kwa kuwa diski isiyoweza mwendo wa mashine hupasuka. Kagua kama ina ufa au imelowa. Rudisha kinga, uigeuze ikae kati yako na diski. Washa, usimame pembeni, uiache izunguke bure kama dakika moja, kwa sababu diski mbovu aghalabu hujitambulisha mwanzoni.

Tatu, mwachie afanye yeye, na akuambie kwa mdomo wake kwa nini anafanya kila hatua. Akikosea, msahihishe papo hapo, arudie hadi wewe uwe na uhakika.

Nne, mwache afanye kazi. Mwambie amuulize nani akikwama, mpitie mara kwa mara siku za mwanzo, kisha upunguze.

Haichukui zaidi ya nusu saa.

Sababu ndiyo somo

Tendo lisilo na sababu husahaulika mwalimu akigeuza kisogo. Na asiyepewa sababu hujitungia yake: wachomeleaji wengi hunywa maziwa baada ya kazi wakiamini yanasafisha moshi. Maziwa huenda tumboni, ilhali moshi umeingia mapafuni, wala viwili hivyo havikutani. Mwaka 2017 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliuweka moshi wa kuchomelea katika kundi la kwanza, la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu.

Vivyo hivyo kwa anayechomelea bomba lililopakwa zinki. Saa kadhaa baadaye, mara nyingi jioni, anatetemeka, anapata homa na mwili unamuuma. Baada ya siku moja au mbili anapona. Huku kwetu ni rahisi kudhani ni malaria. Aliyeelezwa kwamba ule ni moshi wa zinki atatoa kazi nje, atakwangua zinki pale anapounganisha, na atasimama upande upepo unakotoka.

Mafunzo hayazibi kila pengo

Tusimtwishe mfanyakazi kila kitu. Wataalamu wa usalama hupanga kinga kwa ngazi: ondoa hatari yenyewe, isipowezekana, tumia kitu chenye madhara madogo, kisha mtenge mtu na hatari kwa kifaa, kama kinga ya grenda, halafu panga kazi na ufundishe watu, mwisho kabisa ndipo zije miwani, glavu na buti. Mwajiri anayegawa buti na kutoa hotuba huku mashine ziko wazi ameanzia mkiani.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya Tanzania ya mwaka 2003 na ile ya Kenya ya mwaka 2007 zote zinamdai mwajiri awape wafanyakazi maelekezo na mafunzo. Ya Kenya inataka pia kamati ya usalama mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi. Lakini chini ya mwembe, fundi akiwa na vijana wake wawili, mkaguzi haonekani kwa urahisi. Hapo fundi ndiye mwajiri, ndiye mkaguzi na ndiye mwalimu.

Ndiyo maana nakusihi wewe mwenye karakana. Kesho asubuhi, kabla ya kuwasha chochote, fungua kabati utafute ile kinga. Irudishe mahali pake, kaza skrubu, kisha mwite kijana umweleze kwa nini.