EKIPE IKIADHIBIWA, NANI ATAJIBU?



Komite ya gazeti imeniomba nieleze jambo linalotuletea makelele mu enterna kila siku ya posho kisha chakula cha jioni. Mabishano ya mpira tunayajua tangu zamani: nani alifunga, nani alikosa penalti, arbitri alikula hongo ao hakula. Lakini muhula huu mabishano ni ya namna ingine. Vijana wanabishana juu ya viongozi. Ekipe ikikosa kwa mkono wa viongozi wake, kisha ikapewa adhabu, nani anapaswa kujibu? Prezida? Wachezaji? Ao sisi wapenzi tunaoimba na kulia bila mshahara?

Kwanza tutenganishe mambo mawili, maana mara nyingi tunayachanganya. Kuna adhabu inayomwangukia mtu, na kuna adhabu inayoangukia klabu nzima.

Ya kwanza ni rahisi kuelewa. Mwaka 2010, Mazembe ya Lubumbashi ilikwenda Kigali katika kombe la CECAFA. Mule wachezaji wawili, Trésor Mputu na Guy Lusadisu, walimshambulia arbitri. FIFA ikawafungia: Mputu miezi 12, Lusadisu miezi 11. Ilituuma sana, kwani Mputu alikuwa roho ya ekipe, lakini hakuna aliyeuliza nani ajibu. Aliyefanya ndiye aliyelipa. Mwisho wa mwaka ule wenzao walikwenda Abu Dhabi katika kombe la dunia la klabu bila Mputu, wakashinda Pachuca ya Meksiko 1-0, wakashinda Internacional ya Brazili 2-0, wakawa ekipe ya kwanza ya Afrika kufika fainali. Inter ya Milano iliwafunga 3-0. Haizuru. Mpaka leo wazee wa Kavimvira wakisimulia siku zile, unaweza kufikiri wao wenyewe walikuwa uwanjani.

Adhabu ya pili ndiyo yenye matata, na mfano wake ulitokea mu Mazembe hiyo hiyo mwaka uliofuata. Ninyi wa madarasa ya chini hamkuwa mmezaliwa, kwa hiyo nitasimulia polepole.

Mazembe ilikuwa imechukua kombe la mabingwa wa Afrika mwaka 2009, ikalichukua tena 2010. Mwaka 2011 ilitaka la tatu mfululizo. Ilikutana na Simba ya Dar es Salaam, ikaitoa kwa jumla ya mabao 6 kwa 3. Kisha ikaitoa Wydad ya Casablanca. Kumbe Simba hawakulala. Walipeleka mashtaka kwa CAF juu ya mchezaji mmoja wa Mazembe, Janvier Besala Bokungu, ambaye mbele alikuwa Espérance ya Tunis. Swali lilikuwa juu ya kontra yake: je, alikuwa ametoka kule akiwa huru ao hapana? Mu mwezi wa Mei CAF ikakata neno: hakuwa na haki ya kucheza. Viongozi wa Mazembe hawakukubali, lakini ekipe ikatolewa. Simba na Wydad, wote wawili waliokwisha kushindwa uwanjani, wakaitwa Kairo kucheza mechi moja. Wydad ikashinda 3-0, ikaendelea mpaka fainali.

Angalieni vizuri. CAF haikusema kama Mazembe ilicheza vibaya, wala kama kipa alilala. Kosa lilionekana mu karatasi. Na waliopoteza kombe ni vijana waliokimbia dakika tisini, mechi kwa mechi, ambao kazi yao haikuwa kusoma kontra ya mwenzao.

Hapo ndipo mu enterna kunagawanyika pande mbili. Upande mmoja unasema: « Prezida njo anatoaka makuta. Wewe unatoaka nini? Makelele tu! » Upande mwingine unajibu: « Njo maana! Kama anatoaka makuta, aangalie na makaratasi. »

Wote wawili wana kipande cha ukweli. Moïse Katumbi alishika uongozi wa Mazembe mwaka 1997, na bila yeye pengine hatungezungumza juu ya Abu Dhabi hata kidogo. Lakini kutoa makuta ni jambo moja, kuongoza ni jambo lingine. Mu klabu kuna sekretere, kuna mtu wa lisansi, kuna mwanasheria, na juu yao wote kuna prezida. Wakifanya vizuri, yeye ndiye anabebwa mabegani. Sioni namna gani wakikosa yeye atasema hakuwako. Hayo ni mawazo yangu, na najua kuna mwalimu wetu mmoja, mpenzi mkubwa wa Mazembe, atakayeniita kisha kusoma haya.

Sasa wengi wanauliza: basi kwa nini sheria isimpige prezida peke yake na kuacha ekipe? Jibu ni kwamba mchezaji hakufanya kontra na prezida. Alifanya na klabu. Kama deni lingemfuata prezida, klabu ingeweza kubadilisha prezida kila mwaka, na kila mwaka ingesema « deni ni la yule aliyetoka ». Tena klabu isiyolipa, FIFA inaikataza kuandikisha wachezaji wapya mpaka ilipe, na katazo hilo linaweza kufika vipindi vitatu vya kuandikisha, mfululizo. Hata ukifunga klabu na kuifungua kwa jina lingine, FIFA inaweza kuitazama kama mrithi na kuidai vile vile. Na kwa nini wasitoze pesa tu? Kwa sababu tajiri atatoa pesa na kucheka. Ukimkataza kununua mchezaji, hapo atasikia.

Lakini ni nani kweli anasikia? Tutazame Kenya. Mu 2019 kampuni ya SportPesa, iliyokuwa ikizitegemeza klabu nyingi, iliondoa msaada wake. AFC Leopards ikabaki na kontra za bei kubwa na mfuko mtupu. Mwalimu wao, Casa Mbungo wa Rwanda, akaondoka bila kulipwa, na wachezaji wengine vile vile. Wakashitaki. Mwaka 2021 FIFA ikaifungia Leopards isiandikishe wachezaji kwa vipindi viwili. Gor Mahia, adui wao wa siku zote, haikukaa sana ikapata adhabu ya namna ile ile. Kwa mara moja wapenzi wa pande mbili wakawa na kilio kimoja, jambo ambalo Nairobi halionekani mara nyingi.

Viongozi wa Leopards walikuwa na jibu: tajiri alituacha. Wapenzi nao walikuwa na swali: tajiri alipokuwako, kwa nini mliandika kontra ambazo yeye tu angeweza kulipa? Mimi naona swali la wapenzi lina nguvu zaidi. Mtu anayejenga nyumba juu ya mchanga wa Mulongwe hawezi kushangaa mvua ikija. Hata hivyo, niseme na neno la kuwatetea viongozi. Sisi wapenzi ndio tunapiga kelele: « Nunua! Nunua! » Fiston Mayele alipokuwa Yanga, nusu ya Uvira ikawa Yanga, na hakuna hata mmoja aliyeuliza mshahara wake unatoka wapi. Tunataka nyota, hatutaki hesabu. Kisha adhabu ikija, tunajifanya watu wa hesabu.

Leopards ilipokosa ruhusa ya kununua, iliwategemea sana vijana wadogo waliokuwa pale. Kwa hiyo adhabu ile ilifungulia wengine mlango. Lakini msiende kusema kama adhabu ni nzuri. Muulize mwalimu aliyefundisha miezi bila mshahara.

Mfano mwingine niliusoma juu ya Australia, na unatufaa ijapokuwa mpira wao si kama wetu. Wao wanacheza mpira wa umbo la yai, kwa mikono na miguu. Kule klabu hazinunui vijana ovyo. Kila mwisho wa mwaka vijana bora wanawekwa mu orodha, na klabu zinachagua kwa zamu. Hiyo inaitwa drafti. Klabu iliyokuwa ya mwisho ndiyo inachagua ya kwanza, ili wanyonge wapate nguvu. Vile vile kuna kipimo cha mishahara ambacho klabu yoyote haipaswi kupita.

Klabu ya Carlton, mu mji wa Melbourne, ilipita kipimo kile kwa siri. Mwaka 2002 ilikuwa ya mwisho kwa mara ya kwanza mu historia yake, kwa hiyo ilikuwa na haki ya kuchagua kijana wa kwanza wa nchi nzima. Wapenzi walijifariji: tumekuwa wa mwisho, lakini tutapata mtoto wa dhahabu. Mu Novemba ya mwaka ule siri ikatoka nje. Carlton ikatozwa dola 930,000 za Australia, ikapoteza nafasi zake za kwanza mu drafti ya 2002 na ya 2003. Kijana yule, Brendon Goddard, akachukuliwa na klabu ya St Kilda.

Na prezida? John Elliott alikuwa ameongoza tangu 1983, na kuna jukwaa la uwanja lililobeba jina lake. Carlton ni klabu ya wanachama, yaani mpenzi mwenye karata ana kura. Mwezi ule ule wa Novemba Elliott akaondolewa, akaingia Ian Collins. Halafu na jina lile likafutwa juu ya jukwaa. Yaani huko kulikuwa na mtu wa kujibu, na alijibu. Lakini tazameni kilichofuata: Collins ndiye aliyepokea adhabu ya makosa ambayo hakuyafanya, na Carlton ikawa tena ya mwisho mu 2005 na mu 2006. Mtoto aliyeanza kupenda klabu ile kisha Elliott kutoka alilia juu ya hesabu zilizoandikwa mbele yeye hajajua kusoma.

Kwa hiyo wale wanaosema « prezida atoke tu, mambo yataisha » wanajidanganya. Akitoka, deni linabaki. Faida ya kumwuliza ni kumwuliza mapema, wakati kontra haijatiwa sahihi na lisansi haijachelewa. Na kumwuliza mapema kunataka mtu awe na haki ya kuuliza. Sisi wengi hatuna. Tunayo jezi, hatuna karata. Klabu inayoandikwa chini ya sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001, sheria ya mashirika yasiyotafuta faida, inapaswa kuwa na mkutano mkuu wa wanachama. Mpenzi anayesimama nje ya mkutano ule anaweza kuimba usiku kucha, hesabu hataiona.

Msifikiri haya ni ya Lubumbashi na Nairobi tu. Hapa Uvira, ekipe moja ya mtaa, ambayo jina lake naliacha, ilichangisha pesa za lisansi tangu mwanzo wa msimu. Wavuvi wa Kalundu walitoa, mama wa sokoni walitoa, hata sisi wanafunzi tulitoa kidogo. Siku ya mechi karatasi ikasomwa: wachezaji watano hawana lisansi. Ekipe ikapigwa forfe, mabao matatu bila mpira kuguswa. Mmoja wa wale watano ni wa shule yetu; alikuwa amekwisha kufunga kamba za viatu. Watu wakamzunguka prezida. Yeye akajibu: « Hesabu iko kwangu nyumbani. »

Wengine walitaka kuvunja pikipiki yake. Mzee mmoja mvuvi akawazuia, akasema yeye anataka kitu kimoja tu, kaye. Wakaenda naye mpaka nyumbani, kaye likaletwa. Kumbe pesa haikuibwa. Alinunua jezi mpya na mipira miwili, akifikiri lisansi zitangoja. Hakuna aliyekuwa ameulizwa. Basi hawakumfukuza, walimwongezea mweka hazina, na kaye sasa linakaa kwa yule mweka hazina, kila mchangaji anaweza kulifungua. Lakini pointi tatu hazikurudi, na kijana wetu hakucheza mpaka raundi ya pili.

Kisha kuona hayo, mimi na wakubwa wa madarasa tulikwenda kwa Bwana Prefe juu ya mchango wetu wa michezo hapa shuleni, ambao tunalipa kila muhula bila kuona kaye lake. Amekubali. Tangu mwezi ujao, siku ya posho ya kwanza, saa nane, kaye la komite ya michezo litakuwa mezani mu chumba cha mikutano, na mwanafunzi yeyote aliyelipa anaweza kulisoma. Aliyelipa na haoni jina lake aje na risi yake. Aliyepoteza risi aje na mwenzake aliyemwona akilipa.

Mkubwa wa wanafunzi, mwaka wa 6