Lualaba: Kwa mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, kifua cha mama ni tunza isiyouzwa

Mwezi wa 6 na wa 7, usiku wa Kolwezi unakuwa na baridi kali. Mji uko juu, mita zaidi ya 1,400 kutoka usawa wa bahari. Mtu mzima anaongeza blanketi na kulala. Lakini mtoto wa kilo moja na nusu, aliyezaliwa kabla ya miezi yake kutimia, hana namna ya kujitetea. Ngozi yake ni nyepesi, chini yake hakuna mafuta, na joto la mwili linamtoka haraka kuliko anavyoweza kulitengeneza. Baridi hiyo inaweza kumuua hata akiwa ndani ya hospitali.

Watu wengi wakisikia habari ya mtoto kama huyo, wanawaza kuvezi, yaani sanduku la umeme linalomtia mtoto joto. Ni chombo kizuri, lakini ni cha bei kali, kinahitaji umeme usiokatika na fundi wa kukitengeneza. Kwa zaidi ya miaka 40, wauguzi, wakunga na waganga wa nchi mbalimbali wamekuwa wakichunguza njia nyingine isiyo na waya wala dawa: kumweka mtoto ngozi kwa ngozi kifuani mwa mama, kumfunga kwa kikwembe, na kumwacha hapo mchana na usiku. Inaitwa njia ya kangaroo, kwa mfano wa yule nyama wa Australia anayekuza mtoto wake ndani ya mfuko wa tumbo.

Leo hakuna tena mabishano makubwa kama njia hiyo inafaa. Swali lililobaki ni kama hospitali na familia zetu zinampa mama nafasi ya kuifanya.

Kutoka Bogotá mpaka Zimbabwe

Njia hii ilianza mwaka 1978 katika mji wa Bogotá, Kolombia, kwenye hospitali ya akina mama na watoto wachanga iliyoitwa Instituto Materno Infantil. Munganga Edgar Rey Sanabria aliona kuvezi hazitoshi. Watoto walilazwa wawili au watatu katika moja, wakaambukizana magonjwa. Yeye na mwenzake Héctor Martínez wakaamua kuwarudisha watoto kwa mama zao, kifuani, wakinyonya maziwa ya mama.

Wakati ule wengi walisema hiyo ni tunza ya maskini, kitu cha kufanya pale ambapo kuvezi haipo. Jibu moja kubwa lilitoka kusini mwa Afrika. Katika hospitali ya misheni ya Manama, kijijini Zimbabwe, hapakuwa na kuvezi hata moja. Munganga Nils Bergman na mkunga Agneta Jürisoo wakaanza kuwaweka watoto kifuani mwa mama zao mara tu baada ya kuzaliwa. Mwaka 1994 walitangaza matokeo yao. Kwa watoto wenye uzito chini ya gramu 1,500, zamani waliopona walikuwa 10 kwa 100. Sasa wakawa 50 kwa 100. Kwa wale wa kati ya gramu 1,500 na 2,000, walitoka 70 wakafika 90 kwa 100. Hospitali ilikuwa ileile na mama walikuwa wa kijiji kilekile. Kilichobadilika ni mahali mtoto alipolazwa.

Nchini Marekani, muuguzi na profesa Gene Cranston Anderson alifanya utafiti wa ngozi kwa ngozi kwa miaka mingi. Mwaka 2003, pamoja na wenzake, alikusanya majaribio ya nchi mbalimbali na kuyapima kwa pamoja juu ya mama na mtoto wanaowekwa pamoja mara baada ya kuzaa. Kazi kama hiyo ya wauguzi ndiyo iliyofanya jambo linaloonekana dogo lipimwe kwa ukali uleule unaotumika kupima dawa.

Saa 17 kwa siku

Utafiti uliobadilisha mambo ulitangazwa mwezi wa 5 mwaka 2021 katika gazeti la waganga New England Journal of Medicine. Uliongozwa na Shirika la Afya Duniani, OMS, na ulifanyika katika hospitali tano za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania. Watoto 3,211 wenye uzito wa kati ya kilo 1 na gramu 1,799 waligawanywa kwa kura katika makundi mawili.

Kundi la kwanza liliwekwa kifuani mwa mama, au mtu aliyemsaidia mama, mara tu baada ya kuzaliwa. Watoto wake walikaa hapo karibu saa 17 kwa siku. Kundi la pili lilitunzwa kama kawaida: mtoto anawekwa kwenye kuvezi au chini ya mashine ya joto mpaka apate nguvu, ndipo anapelekwa kwa mama. Hao, walipokuwa bado katika chumba cha watoto mahututi, walipata saa moja na nusu tu ya ngozi kwa ngozi kwa siku.

Katika siku 28 za kwanza, watoto 191 wa kundi la kangaroo walikufa, na 249 wa kundi la pili. Ni sawa na kusema: kwa kila watoto 100, walikufa 12 upande mmoja na karibu 16 upande wa pili. Waliopatwa na baridi ya mwili walipungua, na waliodhaniwa kuwa na maambukizo ya damu walipungua pia. Tofauti ilikuwa wazi hata kamati iliyosimamia utafiti ikaamuru usimamishwe kabla ya mwisho, maana haikuwa haki kuendelea kuwanyima watoto wengine njia hiyo. OMS ilikadiria kwamba kuanza kangaroo mapema namna hiyo kunaweza kuokoa watoto wengine mpaka 150,000 kila mwaka duniani.

Mwezi wa 11 mwaka 2022, OMS ikabadilisha mashauri yake. Zamani ilisema mtoto apate nguvu kwanza. Sasa inasema kangaroo ianze mapema iwezekanavyo baada ya kuzaliwa, saa 8 mpaka 24 kwa siku, kwa watoto wote waliozaliwa kabla ya wakati au wenye uzito mdogo. Wanaobaki nje ni wale wasioweza kupumua wenyewe hata baada ya kusaidiwa, na wale ambao damu yao haizunguki vizuri.

Mpaka wake uko wapi

Sherti kusema ukweli wote. Jirani zetu wa Uganda walifanya utafiti mwingine katika hospitali tano za serikali, kwa watoto 2,221 waliokuwa bado dhaifu. Matokeo yalitangazwa mwaka 2024 katika gazeti la Lancet. Idadi ya watoto waliokufa katika siku 7 za kwanza ilikuwa karibu sawa kwa makundi yote mawili, karibu 7.5 kwa 100. Kangaroo haikuwadhuru watoto hao, lakini haikupunguza vifo vya juma la kwanza.

Somo ni kwamba kifua cha mama hakichukui nafasi ya oksijeni, wala ya dawa ya maambukizo, wala ya muuguzi anayejua kazi yake. Mtoto anayeshindwa kupumua anahitaji mashine na munganga. Anayemwambia mama kwamba kikwembe peke yake kinatosha anamdanganya. Vilevile, anayemwambia kwamba hawezi kumshika mtoto wake kwa sababu mtoto yuko kwenye oksijeni, mara nyingi naye amekosea: mtoto anaweza kupewa oksijeni akiwa kifuani.

Namna ya kumweka mtoto

Mtoto anavuliwa nguo, anabaki na nepi, kofia na soksi. Anawekwa wima katikati ya matiti, kifua kwa kifua, miguu na mikono imekunjwa kama ya chura. Kichwa kinageuzwa upande mmoja na kidevu kinainuliwa kidogo ili njia ya hewa isizibe. Kikwembe kinafungwa imara kutoka chini ya sikio la mtoto mpaka chini ya makalio yake, lakini tumboni kinaachwa na nafasi ili apumue. Mama analala nusu ameketi, mgongo ukiegemea mito.

Joto la mtoto linatakiwa kukaa kati ya digri 36.5 na 37.5. Kifua cha mama kinamsaidia kufika hapo na kubaki hapo. Maziwa nayo yanatoka vizuri zaidi kwa sababu mtoto yuko karibu. Asiyeweza kunyonya anapewa maziwa ya mama yaliyokamuliwa, kwa kikombe kidogo au kwa mpira mwembamba unaopita puani. Na kwa kuwa mtoto anashikwa na mikono michache, anakutana na vijidudu vya mama yake kuliko vile vya wodi.

Kuna faida nyingine ambayo kila muuguzi wa zamu ya usiku anaielewa. Muuguzi mmoja mwenye watoto kumi hawezi kumwangalia kila mmoja kila dakika. Mama mwenye mtoto kifuani anasikia pumzi ikibadilika, anahisi mwili ukipoa, na anaita. Lakini hiyo haimwondolei muuguzi kazi. Ni yeye anayefundisha mama, anayepima joto, anayepima uzito, na anayejua saa ya kumkimbiza munganga.

Umeme, kitanda na familia

Jimbo la Lualaba lina vituo vya umeme vya N'zilo na Nseke, vilivyojengwa katika miaka ya 1950 ili kuendesha migodi. Hata hivyo, wakaaji wa Kolwezi wanajua vizuri taa inavyozimika katika vitongoji. Kuvezi ikikosa umeme na jenereta isipowaka, mtoto aliye ndani anaanza kupoa. Kifua cha mtu hakikatiwi umeme.

Hata hivyo, kuna gharama, na hapo ndipo mambo yanakwama. Gharama ya kwanza ni kitanda. Katika hospitali nyingi duniani, mama anabaki maternite, mtoto anapelekwa chumba kingine, na mama anaruhusiwa kumwona kwa saa fulani tu, kama mgeni. Katika ule utafiti wa nchi tano, vilitengenezwa vyumba ambamo kitanda cha mama kiko palepale kwenye tunza ya mtoto. Bila kitanda hicho, saa 17 haziwezekani. Mama aliyezaa jana, labda kwa kupasuliwa, hawezi kukaa juu ya kiti cha plastiki usiku kucha.

Gharama ya pili ni ya familia. Mama aliyefunga mtoto kifuani hapiki bukali, hachoti maji, haendi sokoni wala kwenye shamba. Nyumbani kuna watoto wengine. Baba labda yuko kwenye mgodi au machimbo na anategemewa kuleta faranga za kila siku. Na kila siku ya hospitali inaongeza deni, mpaka familia inaomba kutoka kabla ya wakati. Ndiyo maana mashauri ya OMS ya 2022 yanasisitiza kwamba mama sherti apate msaada nyumbani, hospitalini na kazini.

Msaada huo tunaujua kwetu. Hakuna mgonjwa anayelala peke yake katika hospitali zetu: dada, shangazi au nkambo analala karibu, anapika, anafua. Jamaa huyo huyo anaweza kuosha mikono, kufungua blauzi na kumshika mtoto kwa saa mbili wakati mama anaoga na kula. Baba naye anaweza. Kifua chake kina joto sawa. Wengine watasema mwanamke wa kwetu anabeba mtoto mgongoni, na kumfunga mbele ni aibu au ni uzungu. Lakini mgongoni mtoto mdogo hivi hawezi kuangaliwa pumzi yake, wala hafiki kwenye ziwa. Siku ya mgongo itafika akishakua.

Tena faida haiishi hospitalini. Watafiti wa Bogotá waliwatafuta vijana waliokuwa watoto wa kangaroo miaka 20 mapema, na mwaka 2017 wakatangaza walichoona. Ukilinganisha na wenzao waliolelewa katika kuvezi, vijana hao walikuwa na ukali mdogo zaidi na walikosa shule mara chache zaidi.

Maswali ya kuuliza

Familia yenye mwanamke mja mzito inaweza kuuliza mapema mambo matatu kwenye hospitali au kituo cha afya. Mtoto akizaliwa kabla ya wakati, mama ataruhusiwa kukaa naye usiku na mchana? Nani atatufundisha kumfunga? Jamaa mwingine ataruhusiwa kuingia ili kumpumzisha mama?

Na mtoto akisharudi nyumbani, kangaroo inaendelea mpaka yeye mwenyewe aanze kusukuma na kukataa, mara nyingi akikaribia kilo mbili na nusu. Akikataa kunyonya, akipoa au akichemka, akipumua kwa shida au kuacha kupumua kidogo, akigeuka bluu au manjano, au akitetemeka, asingojewe mpaka asubuhi. Arudishwe hospitali akiwa kifuani njia nzima.

Wenye kusimamia afya katika jimbo wana la kufanya pia. Dunia nzima inanunua shaba na kobalti ya Lualaba, na kila mwaka kunasemwa habari za mashine mpya za hospitali. Zije. Lakini vitanda vichache vya mama karibu na watoto wao, muuguzi aliyefundishwa kwa kila zamu, na ruhusa kwa nkambo kuingia, havihitaji kungoja meli. Vinahitaji uamuzi wa kuacha kumhesabu mama kuwa mgeni katika tunza ya mtoto wake.