Simu yasema 84, masikio yasema mengine

Mwezi wangu wa pili Elwak, kijana tunayefanya kazi pamoja alianza kunijibu "eh?" kwa kila neno. Mimi ni fundi wa vyuma, mzaliwa wa Mombasa, na kilichonipeleka huko Mandera, mpakani na Somalia, ni kazi ya kutengeneza matangi ya malori ya maji. Elwak maji ndiyo uhai. Hata jina la mji kwa Kisomali ni kisima cha Waaq, jina la Mungu la tangu kale. Tangi likipondeka, tunalilaza ubavu, mmoja anaingia ndani na nyundo na mwingine anashikilia nje. Anayeingia ndani ni yeye, kwa kuwa mwili wake ni mwembamba.

Nilipomwambia atie vizibo masikioni, alinicheka kwa adabu. "Adeer, nimeshapima." Adeer kwao ni ami. Akatoa simu, akanionyesha programu ya kupima kelele. Jenereta: desibeli 88. Nyundo ndani ya tangi: 84. Alikuwa amesoma kwamba hatari huanzia 85. Kwa hesabu yake, wa kuziba masikio alikuwa jirani yetu mwenye jenereta, si yeye.

Ndugu msomaji, mtu yeyote aliyewahi kusimama karibu na tangi likigongwa ajua kuwa nyundo yaishinda jenereta kwa mbali. Basi simu inapotoa namba iliyo kinyume na masikio ya kila mtu, tusiamini namba kwanza. Tuulize inapimaje.

Jenereta hunguruma mfululizo. Nyundo hulia mara moja ikanyamaza, na ule mlio wenyewe mkali hauchukui hata kupepesa jicho. Programu nyingi za simu hazionyeshi kilele cha mlio. Huchukua nguvu ya sauti, zikaisambaza kwa muda fulani, kisha zikatoa wastani. Muda huo ukiwekwa "polepole" ni kama sekunde 1, ukiwekwa "haraka" ni sehemu 1 kati ya 8 ya sekunde. Hata ile namba ya "juu kabisa" kwa kawaida ni wastani wa juu kabisa, si kilele.

Desibeli nazo zina hesabu yake. Ukiongeza 10, nguvu ya sauti ni mara 10. Ukiongeza 20, ni mara 100. Ukiongeza 30, ni mara 1,000. Tuseme nyundo imelia desibeli 130 kwa muda wa sehemu 1 ya elfu ya sekunde. Ukiusambaza mlio huo kwa sekunde nzima, nguvu imegawanywa kwa 1,000, na simu itakuandikia 100. Desibeli 30 zimepotea, na sikio limezipokea zote.

La pili ni maikrofoni. Ya simu imeundwa kwa mazungumzo, ambayo ni kama desibeli 60. Sauti ikizidi mno, nyingi karibu na 120 na nyingine mapema zaidi, maikrofoni hufika kikomo. Juu ya hayo, simu nyingine hupunguza zenyewe sauti kubwa ili mazungumzo yasikike vizuri.

Ndiyo sababu hata bunduki ya upepo haipimiki kwa simu. Watu hulinganisha mbili, wakasema hii kimya ile ina kelele, ilhali walichokipima ni kikomo cha simu zao. Mlio wa ghafla wataka kipimo maalumu cha kushika kilele.

Sisemi simu ni bure. Mwaka 2014 watafiti wa NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama kazini, walipitia programu 192. Zilizofaa hata kujaribiwa zilikuwa 14, na 4 tu, zote za iPhone, ndizo zilizokaribia kipimo cha kweli kwa tofauti ya desibeli 2. Za Android zilitofautiana sana kwa kuwa simu zenyewe ni za viwanda vingi. Nasi wengi wetu huku twatumia Android. Kwa mngurumo wa mfululizo, kama jenereta au kinu cha kusaga, simu yaweza kukupa makisio. Ivue kava, usizibe maikrofoni kwa kidole, jikinge na upepo, ambao Elwak ni mwingi, na upime pale kichwa cha mfanyakazi kinapokaa. Ukisogea mbali maradufu uwanjani, sauti hupungua kama desibeli 6.

Sheria ya Kenya imetambua tofauti hii. Kanuni za kelele kazini za mwaka 2005 zina mipaka miwili: desibeli 90 kwa saa 8 za kelele ya mfululizo, na 140 kwa kilele cha wakati wowote. Ule mpaka wa pili simu haiwezi kuuona.

Kwa hivyo nilimfundisha kijana kipimo kisichohitaji chaji. Ikiwa mtu yuko umbali wa mkono nawe na inakubidi upige kelele ndipo akusikie, hapo si salama. Ikiwa jioni masikio yanalia "nyiii", umeshadhurika, hata kama asubuhi yametulia. Chembe za ndani ya sikio zikifa haziroti tena.

Sasa tunalaza magunia ya mchanga juu ya bati ili lisivume, tunapokezana kuingia ndani, na aingiaye amevaa vizibo pamoja na vifuniko vya masikio. Nimemwambia pia aende akapimwe usikivu. Programu bado anayo, huitumia kwa jenereta ya jirani. Nyundo ameacha kuipima.

Nawe uliye na karakana Changamwe, Likoni au Malindi, mwite kijana wako kwa sauti ya kawaida akiwa amekupa mgongo. Akigeuka, mshukuru Mungu na umnunulie vizibo leo hii. Asipogeuka, usitafute simu.